Mwaka Tuliokataza Majani

Tulipomzika mama mudogo Zaina huko Kibombo, watu walicheka. Sisemi kwamba walicheka kaburini. Walicheka baada ya hitima, sahani za wali zilipokuwa zikizunguka chini ya turubai, na aliyewachekesha alikuwa Salumu, mwana wa Asumini jirani yetu wa zamani, mfanyabiashara aliyetoka Kindu kwa treni na mkoba wa ngozi kwapani. Alisema: "Huyu mama, Mungu amurehemu, alikuwa muntu muzuri. Lakini kulikuwa mwaka moja alipenda boga kuliko wantu. Alikaa na fimbo bustanini mwake, ukigusa jani unapigwa!" Hata mwalimu aliyesoma hitima alificha mdomo kwa kanzu. Kisha mtu mmoja akauliza kwa nini, kama kweli marehemu alipewa karatasi ya kiwanja na Wabelgiji, aliacha nyumba yake ya Kindu akaja kuzeekea hapa kwenye matope ya mpunga. Salumu akapandisha mabega. "Wamama wa zamani," akasema, "nani anajua vichwa vyao." Nilikaa kimya, maana matanga si mahali pa kugombana na mtu anayekula. Lakini hasira niliyoondoka nayo pale haikupoa njiani, haikupoa nilipofika nyumbani, na nimeamua kuiandika kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, kama mambo yalivyotokea mwaka ule.

Sitazungumza habari za wazazi wangu wala za utoto wangu. Hazihusiani na boga. Inatosha kusema kwamba miaka michache kabla ya Uhuru nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuolewa na kuachwa, na nilikuwa nikiishi na mama mudogo katika sité ya Kindu, mji wa watu weusi, upande wa Waislamu, mahali ambapo njia inateremka kuelekea mtoni. Shule ya masista sikuiona. Herufi za Kiarabu nilizipata katika chuo cha Kurani, na za Kizungu nilijifunza mwenyewe baadaye, kwa kulinganisha maneno yaliyoandikwa kwenye makopo na vitu vilivyokuwamo ndani. Mimea nayo nilijifunza kwa njia hiyohiyo: kupanda, kuharibu, kupanda tena na kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Nyumba ya mama mudogo ilikuwa na chumba cha mbele chenye mkeka na viti viwili, na chumba cha nyuma tulicholala sote, kilichonuka mawese na sabuni ya kipande. Kofia ya marehemu mume wake, aliyefanya kazi karakana ya reli, ilikuwa bado kwenye msumari wake. Mama mudogo aliipangusa vumbi kila Ijumaa, lakini kofia haikulipa kodi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwa sheria ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, sité ilikuwa ya wanaume wenye kazi pamoja na wake zao. Mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kiume alihesabiwa kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Mama mudogo alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba atarudishwa Kibombo, kwa baba yake, ambako baba yake hakuwapo tena, wala nyumba ya baba yake, wala mtu aliyeijua sura yake.

Aliyeleta boga alikuwa mzungu wa kilimo. Watu walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu alitembea na utepe wa kupimia mfukoni na hakuweza kuona kitu bila kukizungushia: mti, tuta, shingo ya ng'ombe. Alikuja siku moja asubuhi pamoja na Kitenge, moniteri wake, yaani msaidizi wake wa mashambani, kijana mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi, aliyesomea kilimo na aliyekijua kweli. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikichagua mchele, na nilisikia kila neno. Bwana Kipimo alisema kwa Kifaransa, Kitenge akageuza kwa Kiswahili.

"Mama Zaina, Bwana anasema hivi: hapa sité hakuna nafasi ya mwanamuke peke yake. Lakini mwanamuke mwenye bustani ya mufano, ule iko na kazi. Muntu mwenye kazi anabaki."

"Bustani ya mufano njo nini?"

"Njo hii mbegu. Imetoka mbali. Siku ya maonyesho, boga yako ikishinda zote, Bwana atakuombea karatasi ya kiwanja kwa mukubwa wa sité."

"Na isiposhinda?"

Swali hilo Kitenge hakuligeuza kwa Kifaransa. Alijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote: "Treni ya Kibombo iko, mama."

Walipoondoka, Asumini aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mpana mwenye watoto wengi na kicheko kilichosikika mpaka mtoni, na yeye na mama mudogo walikuwa wamepikiana, wameuguliana na kuzikiana tangu siku walipohamia pale. Mama mudogo alimweleza yote, akafungua kiganja akamwonyesha mbegu, kubwa kama kucha za kidole gumba. "Basi wazungu watanipima na boga," alisema. "Boga ikiwa munene, miye ni muntu. Ikiwa ndogo, miye ni muzigo wa treni." Asumini akajipiga kiunoni. "Kama wanatafuta unene, Zaina, peleka haya matako yangu kwa maonyesho, tutashinda kabla ya saa sita." Tulicheka sote watatu. Nalitaja hili kwa sababu Salumu hakulitaja: kulikuwa na kicheko katika nyumba ile, na mama yake ndiye aliyekileta.

Sasa lazima nieleze desturi ya mtaa wetu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Boga lilikuwa mali ya aliyelipanda, lakini majani yake hayakuwa mali ya mtu. Mwanamke mwenye chungu motoni na asiye na kitoweo aliingia kwenye bustani yoyote, akasema "Hodi, mboga," na mwenye bustani, hata kama hakuinua kichwa, alijibu "Mvua ndiyo imepanda." Basi. Hakukuwa na kuomba wala kushukuru. Alichuma majani machanga, akayamenya nyuzi, akayapika kwa mawese na chumvi. Kulikuwa na adabu yake pia. Jani halikung'olewa kutoka shinani, maana waliona kwamba huko ni kulivua boga nguo. Lilivunjwa katikati ya kikonyo chake, na kipande kilichobaki kiliachwa kimesimama, ili mmea usione umenyang'anywa kila kitu. Maboga yetu ya zamani, madogo na magumu, yaliivumilia heshima hiyo. Vikonyo vyake vilikuwa vyembamba, vilikauka upesi. Lakini boga la Bwana Kipimo lilikuwa kitu kingine. Tulilichimbia shimo pana, tukalijaza samadi ya mbuzi na pumba za mpunga, na lilipoanza kutambaa lilikuwa kama mtu anayekimbia. Majani yake yalikuwa mapana kama ungo, na vikonyo vyake vilikuwa vinene, laini, vyenye uwazi ndani kama vya mpapai. Wanawake walipenda sana majani yale. Jani moja lilitosha kitoweo cha mtoto. Waliyavunja kwa adabu, katikati, kama walivyofundishwa na mama zao.

Tunda lilikuwa limefikia ukubwa wa kichwa cha ng'ombe nilipoona doa la kwanza. Lilikuwa kwenye shina, palipoota kikonyo kimoja kilichovunjwa: rangi ya kahawia yenye maji, mfano wa ndizi iliyokanyagwa. Nilibonyeza, kidole kikaingia. Harufu ilikuwa ya matope ya bwawa. Nilitembea kando ya shina lote nikakuta madoa mengine, na kila doa lilikuwa chini ya kikonyo kilichovunjwa. Niliita mama mudogo, naye akamtuma mtu kumwita Kitenge. Kitenge alipiga magoti kwenye matope bila kujali suruali yake, akakiinamisha kikonyo kimoja, na maji meusi ya mvua yakamwagika mkononi mwake.

"Mumewekea hii ugonjwa vikombe vya kunywea," alisema. "Mvua inajaza hapa, maji inalala, inaoza, halafu inateremuka ndani ya shina. Ikifika shingo ya boga, kwisha."

Alisema kweli. Nasema hivyo kwa sababu hasira yangu haikutokana na ujinga wa mtu. Kitenge alijua alichokisema, na dawa aliyotufundisha ilikuwa dawa kweli. Kisu kinapitishwa kwenye moto. Sehemu iliyooza inakatwa mpaka nyama ya shina ionekane kijani na ngumu, bila huruma, maana kijidoa kinachoachwa kwa huruma ndicho kinachorudi. Jeraha linakaushwa; mimi nililipepea kwa ungo mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha linapakwa mrututu uliochanganywa na chokaa, na juu yake kinawekwa kijumba cha majani ya migomba kisichogusa shina, mvua isinyeshee jeraha lakini upepo upite. Na mahali ambapo shina linalala chini, kwenye vifundo vyake, udongo unafukiwa ili liote mizizi mipya. Mzizi mkuu ukipotea, tunda litanyonya kwingine. Yote hayo tuliyafanya. Kisha nilimuuliza Kitenge swali ambalo hata leo naliona ni swali la akili.

"Moniteri, kama wamama wakichuma kwa kisu safi, hapa chini kabisa, bila kuacha kikombe, na jeraha likapakwa majivu, ugonjwa utaingia?"

Alifikiri. "Hapana. Hautaingia."

"Basi wafundishe hivyo."

"Dada Sakina, Bwana amekataza. Amesema hakuna jani hata moja litoke. Jani njo jiko ya boga. Anataka boga inene tu."

Tangu hapo nimepanda maboga makubwa mara nyingi, na nimejaribu njia ile niliyomuuliza. Wanawake wa jirani zangu wanachuma, wanakata chini kwa kisu, wanapaka majivu, na shina linabaki zima. Tunda linapungua kidogo, haliozi. Kulikuwa na njia ya tatu, na ilijulikana, na ilikataliwa kwa neno moja la mtu aliyetaka utepe wake uzunguke mbali zaidi. Hilo ndilo jambo ambalo sijalisamehe.

Mama mudogo aliwaita wanawake wa mtaa. Walijaa chumba cha mbele mpaka barazani, akawapa chai ya tangawizi na mkate wa mchele, na hakuzunguka maneno. Aliwaambia habari za treni, za karatasi, za ugonjwa wa shina. Akasema: "Nawaomba mushike mikono yenu mpaka maonyesho. Hakuna jani."

Katika mtaa wetu neno hilo halikuwahi kusemwa. Mama mmoja mzee aliweka kikombe chini. "Zaina, leo unatukataza majani. Kesho utatukataza maji ya Lualaba?"

"Hata mbuzi inakula bila kuulizwa," mwingine akasema. "Sasa siye tuko chini ya mbuzi."

"Mumuache aseme!" Asumini alinguruma. Akamgeukia mama mudogo. "Sema, Zaina. Siye tukishika mikono, watoto wetu wanashika nini?"

Mama mudogo alisimama. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake haikuwa kubwa. "Boga itakatwa karibu na mwezi wa kufunga. Ikirudi hapa, siichukui miye. Tutaipasua kwenye baraza yangu, kila nyumba itapata kipande yake, na futari ya siku ya kwanza itakuwa hii boga, mtaa muzima. Mungu ni shahidi, na nyie wote mashahidi."

Asumini aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Mumesikia. Boga munene vile, tutafuturu mpaka tusahau sala!" Wakacheka, wakanywa chai. Walikubali, na walishika neno lao. Salumu aseme atakavyo kuhusu fimbo: fimbo ilikuwapo, Bwana Kipimo ndiye aliyeamuru iwepo, na ilitumika kufukuza mbuzi na watoto wadogo ambao hawakuwapo kwenye mkutano. Wanawake hawakuhitaji kufukuzwa. Walipita kwenye ukuta wetu wakienda kununua mboga sokoni Kasuku, mboga ambayo hawakuwahi kuinunua maisha yao yote, na walitusalimia kwa mzaha: "Mama Boga, mugonjwa ameamukaje?" "Amekunywa dawa yake?" Mama mudogo alijibu, "Amelala vizuri, anawasalimu." Nyumbani kwetu tulikula ugali wa muhogo kwa dagaa, bila mboga, maana alisema hawezi kuchuma kile ambacho amewakataza wengine. Jioni nilimsikia akipiga hesabu za vipande kwa midomo, akitaja nyumba: kwa Asumini kipande kikubwa, kwa yule mama mzee kipande laini kwa sababu ya meno.

Kisha zikaja mvua kubwa, na ugonjwa ukarudi mahali ambapo tulikuwa tumeogopa kupaangalia, chini kabisa, shina linapotoka ardhini. Asubuhi nilikuta limelegea, linavuja maji ya kahawia. Kitenge alichungulia, akatikisa kichwa, akasema halikatiki tena kwa vipande. Lazima likatwe lote, tunda litenganishwe na mzizi wake mkuu, libaki na mizizi ya vifundo. Hakuweza kuahidi kitu. Alimpa mama mudogo kisu na mama mudogo akanipa mimi, kisha akanipokonya. "Ni nyumba yangu," alisema. Alikata kwa mkato mmoja, kama mtu anayekata kitovu, akakaa palepale kwenye matope akilitazama boga. Mchana majani yote yalianguka kama nguo zilizolowa. Asumini aliruka ukuta, akakaa karibu naye, na wote wawili wakapepea jeraha kwa zamu. Kesho yake asubuhi majani yalikuwa yamesimama. Nilisikia Asumini akipiga kigelegele kabla sijatoka nje, na nilipotoka alikuwa akicheza peke yake kati ya mashina, akiinua miguu juu sana asikanyage hata jani moja.

Boga lilishinda. Sitakawia hapo. Wanaume wa mtaa wetu walilibeba kwa machela ya miti mpaka uwanja wa maonyesho, mume wa Asumini mbele, wakiimba, na wanawake nyuma wakipiga makofi kama watu wanaopeleka bibi arusi. Yalikuwapo maboga mengine, ya mashamba ya wazungu na ya misheni, yakaonekana kama watoto wake. Bwana Kipimo alizungusha utepe wake, akazungusha tena, akacheka peke yake kwa furaha. Mama mudogo aliitwa mbele, akashikwa mkono, akaambiwa kwamba ataitwa biro, ofisini kwa wazungu, kuchukua karatasi yake. Jioni wanaume walirudi na machela kulichukua boga. Polisi aliyesimama pale akanyoosha bunduki yake kwa ulalo, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Boga linabaki, alisema. Mukubwa wa jimbo atapita Kindu, lazima alione.

Karatasi alipewa kama ilivyoahidiwa. Nilikwenda naye biro siku hiyo, na boga lilikuwa barazani, limewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na mtu aliyepita aliliamkia kwa mzaha. Mama mudogo alipokea karatasi kwa mikono miwili. Kisha, badala ya kutoka, alisimama. Mwezi wa kufunga ulikuwa umekaribia mno.

"Bwana, asante. Sasa naomba na boga."

Bwana Kipimo alimwangalia Kitenge, kana kwamba hakusikia vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu. "Wewe nataka kiwanja ao nataka boga?"

"Kiwanja nimepata, Bwana. Lakini boga, nimewaambia wantu. Nimewaahidi."

"Basi ambia wantu tena," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Kitenge alitutoa nje. Barazani alisema kwa Kiswahili, harakaharaka, kwamba atajaribu kusema naye, kwamba tungoje kidogo. Naamini alijaribu. Mama mudogo alilipita boga lake bila kuligusa, kwa sababu polisi alikuwa akimtazama.

Siku ya kwanza ya Ramadhani alinunua maboga madogo ya wakulima, akayapika kwa nazi ambayo aliipata kwa shida, akapanga sahani na kuzifunika kwa vitambaa, nami nikazipeleka nyumba kwa nyumba kabla ya jua kuzama. Kila mtu anajua kwamba sahani ya futari hairudi tupu. Hata maskini huweka tende moja, au chumvi. Zilirudi zimeoshwa. Zilirudi safi, kavu, zinang'aa, moja baada ya nyingine, zikiletwa na watoto walioambiwa wasikae. Ya Asumini ililetwa na Salumu mwenyewe, mtoto wa miaka michache tu wakati huo. Aliweka sahani mlangoni akasema maneno aliyofundishwa: "Mama anauliza, boga munene iko wapi? Mumeuza kwa wazungu?" Mama mudogo alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Ningemjibu mtoto yule, lakini ningejibu nini? Kwa macho ya mtaa, mama mudogo alikuwa amewanyima majani msimu mzima, akatoa tunda, akapata karatasi. Ilikuwa biashara safi, na hakuna hata kipande kimoja cha hadithi hiyo kilichokuwa cha uongo. Alikwenda mara mbili kwa Asumini kueleza. Mara ya kwanza aliambiwa Asumini amelala. Mara ya pili Asumini alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Ungepigana," na mama mudogo akauliza, "Na bunduki?" na Asumini akasema, "Ungelala pale mbele ya meza, siye tungekuja kulala na weye. Hukutuita." Kwa miaka mingi neno hilo lilinikasirisha kuliko yote. Sasa naona ndilo neno pekee la mwaka ule lililokuwa na heshima ndani yake.

Mukubwa wa jimbo alipita na meli, na inasemekana hakushuka. Boga lilikaa barazani juani na mvuani mpaka likaanza kuoza kutoka shingoni, palepale tulipopapigania. Nzi walijaa biro. Wafungwa waliamriwa kulitupa mtoni, wakalibingirisha kwenye mteremko mbele ya watu waliokuwa wakifua, nalo likapasuka kabla ya kufika majini. Hata mbegu hazikuokotwa. Mtaa mzima ulijua siku hiyohiyo, na nilidhani kwamba sasa wataelewa. Hawakuelewa hivyo. Walisema: afadhali lingeliwa na wazungu.

Baada ya Idi mama mudogo alikwenda biro kuomba ruhusa ya kuondoka, maana hata kuondoka kulikuwa na ruhusa yake. Karani alishangaa, akamuuliza sababu. Hakusema. Karani akauliza kama aandike kwamba anaondoka kwa hiari yake. "Andika," mama mudogo alisema. Nilikuwa nimesimama pale, nikakunja ngumi ndani ya kanga yangu. Walichotaka kumfanyia kwa nguvu alijifanyia mwenyewe, nauli akalipa mwenyewe, na juu ya hayo boga walikuwa wamelipata.

Shina lilikuwa bado hai. Tunda lilikwisha kukatwa, mzizi mkuu ulikwisha kufa, lakini ile mizizi ya vifundo iliendelea kulisha majani, na yalikuwa yamefunika bustani yote mpaka ukutani. Asubuhi ya safari, mama mudogo alichukua kisu, akakipitisha motoni kwa mazoea, akaanza kukata. Alikata kila jani, kubwa na changa, chini kabisa, pasipo kuacha kikombe. Tulijaza mabeseni, sufuria, hata ile machela. Tukaenda mlango kwa mlango, tukiyaweka chini bila kusema hodi. Kwa Asumini tuliweka fungu kubwa kuliko yote.

Mlango ulifunguka kabla hatujageuka. Asumini alitoka, amejifunga kitenge kifuani, akayatazama majani, akatazama mizigo yetu iliyokuwa barabarani. Sikuona kwenye uso wake kile nilichokitaka.

"Sasa njo unatupatia?" alisema.

Mama mudogo aliinama, akainua kifurushi chake, akakiweka kichwani, akaanza kuteremka kuelekea stesheni. Nilibaki nimesimama. Nilimngoja ajibu. Hata leo, na amekwisha kuzikwa, namngoja ajibu.